Kamba ya Waya: Inavyotengenezwa na Inavyopaswa Kukaguliwa



Chama chenye winchi au kapi ya kupandishia magunia hutumia kamba ya waya, na mara nyingi huinunua kwa kutazama bei na unene tu. Lakini chini ya mzigo ule hupita watu. Yafaa basi kila mnunuzi aelewe kilichomo ndani yake.

Zamani migodi ya milima ya Harz, nchini Ujerumani, ilitegemea minyororo. Pete moja ikikatika, mzigo wote huanguka. Mwaka 1834 Wilhelm Albert, ofisa wa migodi huko Clausthal, alitumia kamba ya nyaya za chuma iliyosokotwa kwa mikono: nyaya 4 katika kila msokoto, na misokoto 3. Waya mmoja ukikatika, zilizobaki huendelea kubeba.

Leo kiwanda huanza na fito za feleji zenye kaboni nyingi. Hupashwa moto mkali, kisha hupozwa, aghalabu katika risasi iliyoyeyushwa, ili zivutike bila kuvunjika. Ganda huondolewa kwa asidi. Ndipo huvutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa membamba, na kila tundu huzidisha nguvu ya waya. Nyingine hupakwa zinki ili zisishike kutu.

Baadaye mitambo husokota nyaya, kwa mfano 19, kuwa msokoto mmoja. Na misokoto 6 huzungushiwa moyo. Moyo huo huwa wa feleji au wa nyuzi. Na miongoni mwa nyuzi zitumikazo ni katani, zao la mkonge wetu. Katani hushika mafuta na kuyapeleka kwenye nyaya kutoka ndani. Mwisho, kipande huvutwa hata kikatike, na kipimo huandikwa katika cheti.

Kwa kawaida kamba ya kuinulia mizigo hubebeshwa sehemu moja ya tano tu ya kipimo hicho. Ikatikayo kwa tani 10 isipewe zaidi ya tani 2.

Kwa hiyo katibu adai cheti, aandike daftarini tarehe ya kufungwa kamba, na kuhakikisha inakaguliwa mara kwa mara: nyaya zilizokatika, kutu, mikunjo na kukonda. Isipitishwe mkono mtupu. Ikichakaa ikatwe vipande, asije mwingine akaitumia. Fedha iliyookolewa kwa kamba mbovu haitamrudishia mpagazi mguu wake.