Pima Pawasaplai Kabla ya Kuitupa Kompyuta

Msikilizaji wa Rumonge na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, umeme wa shirika la REGIDESO ukikatika na kurudi ghafla, kisha kompyuta ya mezani ikagoma kuwaka, usiseme imekufa. Wa kushukiwa kwanza ni pawasaplai, lile boksi la chuma linalogeuza volti 220 za ukutani kuwa 12, 5 na 3.3. Zima umeme, chomoa plagi zote za ndani, unganisha kwa kipande cha waya pini ya kijani na nyeusi kwenye plagi kubwa, ndipo urudishe umeme. Wapo wanaosema feni ikizunguka, boksi ni zima. Sikubaliani nao: feni huzunguka hata kwa volti pungufu. Pima kwa mita ya volti. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6.

Wengine watasema kulifungua na kulitengeneza ni nafuu kuliko kununua. Hapana, ndugu zangu: kapasita zake huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Nunueni jingine lenye wati zisizopungua za lile la zamani, na la mtumba lipimwe dukani kabla hamjalipa.