TRANSFOMA IJENGWE KWA MAHALI ITAKAPOSIMAMA

(Mazungumzo ya fundi mmoja wa laini mbele ya wanachama wa Busia na Malaba)



Nimeombwa niseme habari za transfoma, kile chombo kikaacho juu ya milingoti yetu toka Malaba mpaka Amukura, na toka Busia mpaka Matayos na Bumala. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya mainjinia, kazi yetu sisi ni kupanda na kushuka." Mimi sikubali. Aliyeiunda transfoma huiona siku inapotoka kiwandani na rangi yake mpya. Sisi huiona siku inapokufa. Na aliyeosha maiti ndiye ajuaye majeraha yake.

Neno langu leo ni moja tu. Transfoma haina budi kujengwa kwa mahali itakaposimama, na kwa ajili ya mtu atakayeipanda. Haya yakisahauliwa, gharama yake hulipwa na mwananchi kwa giza, na sisi kwa damu.

Kwanza nikumbushe kazi yake, kwa faida ya wenzetu wa reli, wa forodha na wa malori waliokuja kutusikiliza. Ndani ya tangi mna kiini cha chuma, na juu ya kiini mmezungushwa koili mbili za waya. Moja huingiza stima, ya pili huitoa, na nguvu hupanda au kushuka kwa kadiri ya mizunguko ya waya. Mainjinia watatu wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, yaani Zipernowsky, Bláthy na Déri, ndio walioonyesha mwaka 1885 jinsi ya kukifunga kiini pande zote ili nguvu isipotee hovyo. Bila chombo hiki stima haiwezi kusafiri mbali. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 laini ya volti 132,000 kutoka Tororo, jirani yetu hapa Malaba, ilianza kuleta nguvu Kenya kwa mapatano ya kilowati 30,000. Nguvu ile ilipandishwa kule na kushushwa huku kwa transfoma. Katika laini zetu ndogo tunaishusha kutoka volti 33,000 au 11,000 mpaka 415 na 240, ndipo ifike dukani na nyumbani.

Sasa natazama mambo yanayoziua.

La kwanza ni joto. Ndani ya koili waya umevishwa karatasi, na karatasi hiyo imelowa mafuta. Karatasi ikichakaa, transfoma imekwisha. Kwa kanuni za kimataifa za IEC, mahali penye joto zaidi ndani ya koili pakiwa na digrii 98, karatasi ya kawaida hutimiza umri wake. Kila digrii 6 zinapozidi, uzee huenda mbio mara mbili. Zikizidi digrii 12, ni mara nne. Kanuni hizo zimeandikwa kwa mahali pasipozidi meta 1,000 juu ya bahari, na ambapo joto la hewa, ukilipiga wastani wa mwaka mzima, halipiti digrii 20. Ndugu zangu, Busia iko juu kama meta 1,200, hewa yake ni nyepesi kidogo na haipozi sawa na ya chini, na wastani wa joto letu unazidi digrii 20. Kosa si la walioandika kanuni. Wao wameagiza mnunuzi aseme kama mahali pake pana hali tofauti, ili kiwanda kiongeze mapezi ya kupozea au kipunguze joto la koili. Mnunuzi akinyamaza, kiwanda huleta chombo cha nchi ya baridi.

La pili ni maji. Transfoma hupumua kama mtu. Mchana mafuta hupata joto, hufura, na kuisukuma hewa nje. Jioni mvua yetu ya mpakani hunyesha, tangi hupoa ghafula, na hewa yenye unyevu huvutwa ndani. Ndiyo sababu ya kile kichupa chenye chembe za kunyonya maji. Chembe zikiwa kavu zina rangi ya buluu, na zikishiba maji huwa waridi, na wakati huo hazina kazi tena. Nani kati yetu amebadilisha chembe hizo mwaka huu? Kimya! Basi kama tunajua kwamba zitasahauliwa, afadhali tununue tangi lililofungwa kabisa, ambalo mapezi yake ya bati hutanuka na kunywea pamoja na mafuta bila kuvuta hewa ya nje. Kujenga chombo vizuri ni pamoja na kukumbuka kwamba binadamu husahau.

La tatu ni radi. Sehemu hizi za ziwa Victoria hupigwa radi nyingi kuliko nchi nyingi za dunia. Kizuia radi tunacho, lakini tazameni kilipofungwa. Mara nyingi kiko juu kabisa penye mkono wa mlingoti, na waya mrefu unashuka kwenda transfoma. Radi inapopita, kila meta ya waya ule huongeza maelfu ya volti juu ya zile ambazo kizuia radi kimeachia. Kizuia radi kikifungwa juu ya tangi lenyewe, kwa waya mfupi, na waya wake wa ardhi ukiungana na tangi, mzigo huo hupungua sana. Na ardhi nayo ipimwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Ukiipima siku ya mvua, unajidanganya mwenyewe.

La nne ni lodi. Transfoma ya kVA 50 hutoa kama ampea 70 kwa kila fezi. Ilipowekwa, palikuwa na nyumba chache na kanisa. Tangu mpango wa Last Mile uanze mwaka 2015, watu walio karibu na transfoma, ndani ya meta 600, waliunganishwa kwa wingi, na jambo hilo ni jema. Lakini baada ya nyumba huja kinu cha posho, na baada ya kinu huja welda wa jua kali.

Nitawaambia yaliyonipata mimi. Katika soko moja la upande huu transfoma iliungua. Tukaletewa nyingine ya ukubwa uleule, tukaipandisha, watu wakapiga makofi. Fyuzi ikawa inakatika kila jioni. Wenye maduka walinisihi, nami, Mungu anisamehe, nikafunga waya mnene mahali pa fyuzi. Walinisifu kwa muda wa majuma mawili. Kisha na ile ya pili ikaungua. Mtu hakuuliza ya kwanza iliuawa na nini. Tena hakuna aliyeuliza juu ya ule waya wangu, maana ya pili ilipelekwa kutupwa bila kufunguliwa. Ziko transfoma ambazo swichi ya kukata lodi, fyuzi na kizuia radi vimejengwa pamoja nazo. Fundi mwenye huruma mbaya kama mimi huona taabu kuziharibu.

La tano ni wizi. Mnajua wote kwamba wezi hufyonza mafuta wakayauza, na kwamba magazeti yetu yameandika habari za mafuta hayo kutumiwa kukaangia chakula. Mafuta ya baadhi ya transfoma za zamani yalitiwa dawa iitwayo PCB, ambayo huleta saratani na haitoki upesi mwilini. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vyombo vyenye dawa hiyo, na mwaka 2028 kuwa mwisho wa kuiteketeza. Basi asiwepo mwanachama atakayenawa mikono kwa mafuta ya transfoma ya zamani, wala kupeleka nyumbani debe lake. Kwa upande wa ujenzi, bomba la kutolea mafuta linaweza kuondolewa na mfuniko ukachomelewa. Koili nazo zaweza kuwa za alumini. Alumini inahitaji waya mnene zaidi, lakini mwizi wa shaba haitamani sana.

La sita halionekani kwa macho. Kiini cha chuma hula stima usiku na mchana, hata kama hakuna taa moja inayowaka. Tuseme transfoma moja inapoteza wati 100 zaidi ya mwenzake. Kwa mwaka hizo ni yuniti 876, na kwa miaka 30 ni yuniti 26,280. Bati la chuma chenye silikoni, lililovutwa ili chembe zake zielekee upande mmoja, lilipatikana kwa kazi ya Norman Goss wa Marekani mwaka 1934, nalo lilipunguza upotevu huo. Siku hizi kuna chuma kingine, utepe mwembamba wa kama milimeta 0.025, unaopunguza upotevu wa kiini kwa zaidi ya nusu. Ubaya wake ni kwamba transfoma huwa kubwa na nzito zaidi. Kwa hiyo anayenunua kwa kutazama bei ya kwanza tu hununua rahisi akalipa ghali. Bei ihesabiwe pamoja na hasara ya maisha yake yote.

Nimeliacha la mwisho kwa kuwa ni zito. Transfoma haijui juu wala chini. Ukiingiza volti 11,000 juu, chini hutoka 240. Lakini ukiingiza 240 chini, juu hutoka 11,000. Mwenzetu mmoja, ambaye wengi mlimzika, alipanda kuunganisha waya baada ya dhoruba. Laini ilikwisha kukatwa kituoni na karatasi ya ruhusa ilikuwa mfukoni mwake. Huko chini mwenye duka alichoka na giza akawasha jenereta yake, na haikuwa na swichi ya kugeuzia. Stima ya jenereta ikapita kwenye mita, ikaingia transfoma, ikapanda mpaka mikononi mwake. Ameacha mke na watoto.

Simlaumu mwenye duka peke yake, maana hakujua. Nasema hivi: kila transfoma iwe na mahali pa kukatia upande wa chini, panapoonekana wazi kwa macho ya aliye juu, na iwe na vishikio vya kufungia waya wa ardhi pande zote mbili. Vitu hivi si ghali ukilinganisha na jeneza. Na sisi wenyewe tusiguse waya mpaka tumepima na kufunga ardhi, hata msimamizi akipiga kelele, hata wenye soko wakituita wavivu.

Sasa tufanye nini? Naomba mambo matatu.

Kwanza, kila tawi liwe na daftari. Transfoma ikifa, ifunguliwe kabla ya kutupwa, na iandikwe: ilisimama wapi, ilikuwa ya ukubwa gani, koili ipi iliungua, mafuta yalikuwa na maji au la, ardhi ilipimwa lini, na fyuzi ilikuwa fyuzi au waya. Tuandike ukweli, hata ukituumbua, kama nilivyojiumbua mimi leo.

Pili, viongozi wetu wanapokutana na waajiri wasiseme mishahara tu. Wadai fundi wa laini awe na kiti mahali ambapo masharti ya kununua yanaandikwa, na daftari letu liwekwe mezani. Afrika Mashariki hatuko mikono mitupu. Arusha kuna kiwanda cha Tanelec kinachounda transfoma. Kiwanda kilicho karibu kinaweza kusikia malalamiko yetu upesi kuliko kilicho ng'ambo ya bahari, lakini sharti tuwe na malalamiko yaliyoandikwa vizuri.

Tatu, kila mwanachama amweleze jirani yake habari ya jenereta isiyo na swichi ya kugeuzia. Hapa Malaba na Busia malori hayalali na maduka hayafungwi, kwa hiyo jenereta ni nyingi. Mwenye duka akielewa kwamba mashini yake inaweza kumwua mtu aliye juu ya mlingoti mbali naye, ataitafuta swichi. Watu wetu si wabaya. Wengi hawajaambiwa.

Ndugu zangu, mimi si injinia na sitaki niitwe injinia. Lakini yeye ana kalamu na sisi tuna daftari la maiti, na transfoma njema itapatikana viwili hivyo vikikaa pamoja. Kesho asubuhi kuna moja ya kushushwa kule upande wa Amukura. Watakaokwenda wachukue spana, wachukue kamba, na safari hii wachukue na penseli.

Umoja ni nguvu.