Walimu wa Mlimani: Walitoka Wapi, Wakafanya Nini

Nawasalimu ninyi mnaokaa katika familia za mapokezi hapa Goma, ninyi mlio njiani kurudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na ninyi mliokwisha kufika mkakuta nyumba haina bati. Nawasalimu pia mashefu wa mitaa na wa nyumba kumi, maana mazungumzo ya leo yanawagusa kwa namna ya pekee.

Leo nataka tuzungumze juu ya swali moja tunalolisikia kila siku: "Huyu ametoka wapi?" Swali lenyewe si baya. Mgeni akifika, sharti aulizwe. Ubaya ni kwamba hapa kwetu jibu la swali hilo tumelifanya kuwa jibu la maswali yote. Tukiisha kujua mtu ametoka wapi, tunadhani tumejua anaweza kazi gani, ana mawazo gani, na kesho atatutendea nini. Kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025, watu walitawanyika na magodoro kichwani. Kati yao walikuwamo walimu, wakunga, maseremala, washonaji. Orodha nyingi nilizoziona mimi ziliandika kijiji cha mtu na hesabu ya watoto wake. Kazi yake haikuandikwa.

Ili tusianze kunyosheana vidole, nitachukua mfano wa mbali kidogo, wa chuo kikuu kimoja huko Tanzania. Lakini nawaambia mapema: njia ya mfano huu inarudi hapa hapa Goma.

Mwaka 1961, mwezi wa kumi, majuma machache kabla Tanganyika haijapata uhuru, chuo kikuu kidogo kilifunguliwa Dar es Salaam. Hakikuwa na jengo lake. Kilianzia katika nyumba ya chama cha TANU, kwenye barabara inayoitwa Lumumba, jina la ndugu yetu aliyeuawa Katanga mwezi wa kwanza mwaka huohuo. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Vyeti vilitoka Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, ndiyo maana watu wanakiita Mlimani. Na mwaka 1970 kikasimama chenyewe.

Sasa, nani angefundisha? Tanganyika ilikuwa na wasomi wachache sana, kama sisi Kongo tulivyopata uhuru mwaka 1960 tukiwa na watu wasiofika thelathini waliomaliza chuo kikuu. Basi wakapokea waliokuja, na waliokuja walikuwa wa kila namna.

Yupo Terence Ranger, Mwingereza. Alikuwa akifundisha Rodezia ya Kusini, akasimama upande wa Waafrika kupinga ubaguzi wa rangi, na mwaka 1963 serikali ya walowezi ikamfukuza. Mzungu aliyefukuzwa na Wazungu wenzake ndiye aliyekuja kuanzisha masomo ya historia Dar es Salaam. Kama chuo kingeuliza rangi tu, kingempoteza. Baadaye alifundisha mpaka Oxford, na mwaka 1983 aliandika jambo ambalo viongozi wetu wa mila wangefaa kulijadili. Alionyesha kwamba mengi tunayoyaita desturi za kale za Afrika, hata mipaka ya makabila, yalikazwa wakati wa ukoloni. Mtawala alitaka orodha safi, na wenyeji fulani waliona faida ndani ya orodha hiyo. Sisemi kabila ni uongo. Lugha ya mama yangu si uongo, na kaburi la babu yangu si uongo. Lakini hapa Kivu pia Wabelgiji walichora sheferi upya, wengine wakapandishwa, wengine wakashushwa. Mstari uliochorwa na karani unaweza kuzungumzwa tena na watu wanaoishi juu yake.

Yupo Walter Rodney, aliyetoka Guyana, upande ule wa Amerika ya Kusini. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Alifundisha Mlimani mwaka 1966 na 1967, akaenda Jamaika, serikali ya huko ikamkataza kurudi mwaka 1968, naye akarejea Dar es Salaam kuanzia 1969 mpaka 1974. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika. Mimi leo nataka mjue alichofanya aliporudi kwao. Guyana ina watu wa asili ya Afrika na watu wa asili ya India, na mwanzoni mwa miaka ya sitini walikuwa wamechinjana na kuchomeana nyumba. Vyama vya siasa viligawanyika kwa damu. Rodney alirudi, akanyimwa kazi ya chuo kikuu, akakaa na wafanyakazi wa pande zote mbili, akiwaambia kwamba wote wanalipwa mshahara uleule mdogo. Alikuwa mmoja wa viongozi wa chama kilichokataa kuhesabu watu kwa asili yao. Tarehe 13 mwezi wa sita mwaka 1980 aliuawa kwa bomu ndani ya gari. Mwaka 2016 tume ya uchunguzi ilisema kwamba serikali ya wakati ule ilikuwa na mkono wake katika kifo hicho. Alikuwa na miaka 38. Kazi ya kuunganisha jirani na jirani haina bima, hilo mnalijua.

Yupo Mahmood Mamdani. Huyu ningependa watu wenye turubai wamsikie vizuri. Ni Mganda wa asili ya India, aliyelelewa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 watoke Uganda, na Mamdani akajikuta katika kambi ya wakimbizi London. Mwaka uliofuata alikuwa akifundisha Dar es Salaam. Akarudi Uganda baada ya Amin kuanguka, na baadaye serikali ya Obote ikamnyang'anya uraia kwa sababu ya maneno yake. Mara ya pili mtu huyo huyo anaambiwa hapa si kwenu! Akarudi tena, akafundisha Makerere, kisha Marekani. Mwanawe, aliyezaliwa Kampala, alichaguliwa kuwa meya wa jiji la New York mwezi wa kumi na moja mwaka 2025.

Mwaka 1997, mwezi wa tisa, Mamdani alikuja Kongo kwa niaba ya shirika la watafiti wa Afrika liitwalo CODESRIA, kuchunguza mgogoro wa Kivu. Alichokiona kinahusu sheria, yaani kazi yangu, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Raia wa mjini anapata haki zake kwa serikali. Mtu wa kijijini anapata shamba kwa mwami, na mwami ni wa kabila. Basi asiye na mwami wa kabila lake ana kadi ya uraia mfukoni lakini hana udongo chini ya miguu. Na mwenye udongo naye anaogopa kwamba kadi ya mwenzake itakuja kumnyang'anya. Pande zote mbili zina hofu ya kweli. Mtu akikwambia upande mmoja tu ndio wenye hofu, ujue anatafuta wapiganaji.

Mlimani alikuwako pia Issa Shivji, mwana wa Kilosa, aliyesoma sheria pale pale kisha akafundisha tangu 1970 mpaka 2006. Mwaka 1991 aliongoza tume ya ardhi ya Tanzania, ikazunguka wilaya kwa wilaya kusikiliza wanavijiji. Serikali haikukubali pendekezo lake kuu, la kuiondoa ardhi mikononi mwa rais. Lakini maneno ya wanavijiji yaliandikwa, na yapo.

Msidhani kilima kile kilikuwa paradiso. Mwezi wa kumi mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga utumishi wa lazima wa taifa, na Rais Nyerere akawafukuza karibu 400. Na wanafunzi wenyewe waliondoka kila mmoja na njia yake. Chukueni wanne waliosoma pale kati ya 1967 na 1971. Yoweri Museveni aliingia msituni, na mwaka 1986 akawa rais wa Uganda. John Garang wa Sudani aliongoza vita kuanzia 1983, akatia sahihi mkataba wa amani mwezi wa kwanza mwaka 2005, akafa katika ajali ya helikopta mwezi wa saba mwaka huohuo. Willy Mutunga wa Kenya alifungwa bila kesi mwaka 1982, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa nchi iliyomfunga. Augustino Ramadhani, mtoto wa Zanzibar, alikuwa askari mpaka cheo cha brigedia, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007, kisha padri wa Anglikana, na tena rais wa Mahakama ya Afrika huko Arusha. Kilima kimoja, maktaba moja. Nani angewapanga kwa kuangalia vijiji walikotoka?

Sasa nafika kwa Ernest Wamba dia Wamba, na hapa ndipo njia inaporudi Goma.

Alizaliwa mwaka 1942 Sundi-Lutete, Kongo ya Chini, mbali kabisa na volkano yetu. Alisoma Marekani na kufundisha huko, kisha mwaka 1980 akaja kufundisha historia Dar es Salaam. Mwaka 1981 alipokwenda Kinshasa, watu wa Mobutu walimkamata kwa ajili ya maandishi yake. Katika maandishi yake alisifu jambo ambalo Wakongo wa kwao wanaliita mbongi, na sisi hapa tunaliita barza: watu kukaa chini, kila mmoja kusema mpaka amalize, na mkubwa kusikiliza. Aliamini kwamba demokrasia yetu ingeweza kuanzia pale. Mwalimu wa barza, basi.

Mwezi wa nane mwaka 1998, mwalimu huyu alitangazwa hapa Goma kuwa mkuu wa RCD, chama chenye silaha. Mwenzake wa Mlimani, mwanahistoria Mkongo Jacques Depelchin, alikuwa naye. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto. Wazee mnaonisikiliza mnakumbuka kuliko mimi. Mwezi wa tano mwaka 1999 wakubwa wa chama walimwondoa, na makao ya kundi lake yakawa Kisangani. Majeshi ya Ruanda na ya Uganda yakapigana ndani ya mji ule mwaka 1999, tena mwaka 2000, raia wakafa kwa mamia. Baada ya mapatano ya Sun City akawa seneta Kinshasa. Alifariki mwezi wa saba mwaka 2020.

Watu wananiuliza: ilikuwaje msomi wa namna ile? Swali la "ametoka wapi" halisaidii kitu hapa. Alitoka Kongo ya Chini, hakuwa na shamba Kivu, hakuwa na ugomvi na mtu wa Masisi wala wa Walikale. Hata diploma haisaidii, maana alikuwa nazo za kutosha. Mimi kama mwanasheria nauliza jingine: alijibu kwa nani? Hakuchaguliwa kwenye barza. Hakuna mtaa wa Goma uliomweka, kwa hiyo hakuna mtaa ambao angeweza kuusikiliza ukamwokoa. Waliomweka ndio waliomtoa. Mtu anaweza kuwa na mawazo mazuri ya barza, lakini akikaa juu ya kiti kilicholetwa na bunduki, bunduki ndiyo itakayomwambia saa ya kuinuka.

Kwa hiyo nawaomba mashefu na wajumbe wa kamati, mnapopokea familia au mnapochagua wa kugawa chakula, maji na mbegu, mwandike vitu viwili zaidi kwenye daftari. Kwanza, kazi ya kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, kama alivyoifanya kabla ya kukimbia. Mkunga wa Kitshanga ni mkunga hata akiwa Ndosho. Pili, kwa kila anayepewa madaraka, mwandike ni nani waliomchagua, siku gani, na lini watakaa tena kumwuliza hesabu. Asipopatikana wa kumwuliza hesabu, msimpe ufunguo wa depo, hata kama ni shemeji.

Na kama kuna atakayesema, "Huyu si wa hapa, hawezi kuwa katika kamati wala kufundisha shuleni," msomeeni kifungu cha 13 cha Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka 2006. Kinakataza Mkongo kubaguliwa katika elimu na katika kazi za serikali kwa sababu ya dini, asili ya familia, makao, maoni, rangi au kabila. Msome polepole, kwa Kiswahili, mbele ya watu. Najua wengine watacheka na kusema karatasi haizuii risasi. Ni kweli haizuii. Lakini shefu aliyekisoma hadharani hawezi tena kusema hakujua, na yule mama aliyenyimwa nafasi ana neno la kushika anapokwenda kulalamika.

Juma lijalo tutazungumza juu ya vyeti vya shule na vya kuzaliwa vilivyopotea vitani, na namna ya kuomba vingine. Mwenye swali aliandike au amweleze shefu wa mtaa wake, naye alilete.