Stata Inayochelewa Kuitika



Tumechagua kuzungumzia stata ya gari kuukuu, kwa kuwa dereva asiyeiamini stata yake huliacha gari likinguruma nje ya duka, ufunguo ukiwa ndani. Mwizi hahitaji zaidi ya hapo.

Kabla ya kununua stata mpya, washeni taa za mbele, kisha zungusheni ufunguo. Taa zikififia sana, ishukieni kwanza betri, au vichwa vyake vilivyoshika kutu. Betri iliyojaa, injini ikiwa imepumzika, husoma takriban volti 12.6. Taa zikibaki angavu na stata ikae kimya, au ichelewe ndipo iitike, mara nyingi umeme unapotelea njiani: katika swichi ya ufunguo iliyochakaa au waya mwembamba uendao kwenye solenoidi. Ukisikika mgongo mmoja mzito na injini isizunguke, huenda stata yenyewe imekwisha brashi.

Tunawasihi msiiunganishe stata kwa bisibisi. Gia ikiwa imeingia, gari litaruka na kumkanyaga aliyeinama mbele yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpelekeeni fundi gari mapema, mkamweleze dalili mlizoziona. Nanyi mkishuka, hata kwa dakika moja, zimeni injini, chukueni ufunguo, fungeni milango.