Drili ya Umeme: Si Kila Mwendo wa Polepole Ulio Salama

(Mazungumzo kwa wanagenzi wa vyuo vya mafunzo ya ufundi na mafundi wa jua kali)



Karakana nyingi katika kaunti, ziwe za useremala, za kuchomelea au za pikipiki, sasa zina drili ya umeme yenye mwendo unaobadilika. Fundi akibonyeza swichi kidogo, biti huzunguka polepole. Akiibana hadi mwisho, huzunguka kwa kasi yote. Kwa sababu hiyo wanagenzi wengi huamini kwamba mwendo wa polepole ndio salama na kasi ndiyo inayoumiza. Huo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayovunja vifundo vya mikono.

Drili nyingi kubwa zina gia mbili. Gia ya chini hupunguza mizunguko lakini huongeza nguvu ya kuzungusha, sawa na lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Biti ikikwama ndani ya chuma ilhali swichi bado imebonyezwa, nguvu hiyo haipotei. Biti haizunguki tena, kwa hivyo drili yenyewe huzunguka pamoja na mkono ulioishika. Aliye juu ya ngazi anaweza kutupwa chini kabla hajajua kilichotokea.

Mahali ambapo biti hukwama mara nyingi panajulikana: inapotokezea upande wa pili. Ncha imeshapita, na kingo za biti zinanasa kwenye utando mwembamba wa chuma uliobaki. Hapo ndipo fundi mgeni hukandamiza zaidi, kwa kuwa anaona kazi imekaribia kwisha. Fundi mzoefu hufanya kinyume chake. Akisikia mlio umebadilika, hulegeza mkono na kuiacha biti ijimalizie. Mkono wake wa pili huwa kwenye mpini wa pembeni, ule ambao katika karakana nyingi uliachwa ndani ya boksi siku drili iliponunuliwa. Mpini huo ndio kinga kubwa kuliko zote kwenye mashine hii.

Kuna pia kile kitufe kidogo cha kuifunga swichi ili drili iendelee kuzunguka bila kidole. Kinafaa drili iliyofungwa kwenye stendi. Drili ikiwa mikononi, kidole kinachoachia swichi ndicho breki ya pekee, na anayekifunga, au anayezungushia swichi utepe kama wafanyavyo baadhi, ameiondoa breki hiyo. Biti ikishakwama, swichi huachiwa, plagi huchomolewa, kisha biti hulegezwa kwa mkono. Kubadilisha gia au kurudisha mzunguko nyuma ni mpaka mashine isimame kabisa.

Kipande kidogo cha bati au chuma bapa hakishikwi kwa mkono hata kwa tundu moja. Biti ikikinasa, hugeuka panga linalozunguka, na vidole ndivyo vilivyo karibu. Jiriwa au klempu hutosha. Bati jembamba hubanwa katikati ya vipande viwili vya mbao, na tundu hutoka safi zaidi.

Sasa kasi. Kadiri biti inavyokuwa nene ndivyo mizunguko inavyopaswa kupungua. Ukingo wa biti ya milimita 6 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika husafiri takriban mita 28 katika dakika hiyo. Biti ya milimita 12 hufikia mwendo huohuo ikizunguka mara 750 tu. Mwendo wa namna hiyo unafaa chuma laini cha kawaida; chuma kigumu hutaka polepole zaidi, na mbao huvumilia kasi kubwa. Chuma chenyewe pia hutoa habari. Kikitoa nyuzi zilizojikunja vizuri, kasi ni nzuri. Kikitoa moshi na vumbi, na biti ikageuka rangi ya samawati, biti inaungua na makali yake yanakufa. Biti butu humlazimisha fundi kukandamiza, na kukandamiza ndiko kunakoikwamisha. Kabla ya yote, alama ya panchi na nyundo huizuia ncha isiteleze, na tundu huanzwa polepole.

Kuhusu mavazi, tai, leso, mikono mirefu iliyolegea na nywele ndefu zisizofungwa hazikaribii biti. Glavu pia huvuliwa, jambo linalowashangaza wengi, kwa kuwa uzi mmoja ukinaswa huuvuta mkono mzima. Miwani ya kinga haivuliwi.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Waya mbili tupu zilizochomekwa kwenye soketi kwa msaada wa kalamu hazina fyuzi wala waya wa ardhi, na mtu akivutwa na drili hana plagi ya kuchomoa. Ekstensheni ya kuviringisha hukunjuliwa yote, la sivyo huchemka. Ufunguo wa kufungia biti ufungwe kwenye waya karibu na plagi, si karibu na drili. Ukiwa huko, haufiki kwenye biti mpaka plagi ichomolewe, na hakuna atakayewasha mashine ufunguo ukiwa bado umechomekwa.

Mwenye karakana naye ana wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka awape wafanyakazi walio hatarini vifaa vya kinga, na aripoti kwa maandishi ndani ya siku 7 ajali inayomjeruhi mtu kazini. Ripoti hiyo hupelekwa kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka huohuo, inamhesabu mwanagenzi mwenye mkataba wa uanagenzi kuwa mfanyakazi. Dai la fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, kwa hivyo aliyeumia na akatibiwa aweke karatasi za hospitali na aandike tarehe, saa na majina ya walioshuhudia siku hiyohiyo.