Chakula cha Miezi ya Mvua: Tununue Pamoja
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Eldoret)



Leo hatukuja kusema habari za kuongezwa mshahara, ila habari za mahali mshahara unapokwenda.

Wenzetu wa Ulaya huita Agosti na Septemba mwisho wa majira ya joto. Kwetu Eldoret, mji ulio juu kiasi cha mita 2,100, hiyo ni miezi ya mvua na baridi, nayo ndiyo miezi ya shibe. Mahindi yaliyopandwa Machi na Aprili yako tayari kuchomwa. Maharagwe yamevunwa, na maboga, viazi, karoti na kabichi vimejaa sokoni. Managu na kunde humea hata nyuma ya nyumba zetu. Ndizi na mapapai huletwa kutoka bonde la Kerio kwenye joto.

Lakini kuanzia Desemba hata Februari mvua hukatika, na mboga iliyokuwa rahisi huwa ghali. Tangu reli ilipofika hapa mwaka 1924, watu wa reli wamepakia mahindi na ngano ya nchi hii. Tumeona magunia yakienda. Je, nyumbani mwetu limebaki nini?

Tuungame kosa letu. Mwaka jana tulinunua kabichi moja moja kwa deni, na mwisho wa mwezi deni likala mshahara. Ndipo nyumba nne za landi yetu tukachanga, tukanunua gunia la viazi shambani kwa bei nafuu. Lakini gunia tukaliacha wazi juu ya sakafu ya saruji, karibu na dirisha. Viazi vingine vikaoza kwa unyevu, vingine vikapigwa na mwanga vikawa kijani, navyo vina sumu. Nusu ya fedha yetu tuliitupa jalalani. Wahenga walisema akiba haiozi. Viazi havikuisikia methali hiyo.

Basi tumejifunza. Viazi vitandazwe juu ya mbao, mahali pa giza penye hewa. Majani ya kunde yachovywe kidogo katika maji yanayochemka, kisha yaanikwe kivulini, maana jua kali huharibu vitamini A. Yakikauka kabisa, yatiwe katika debe lenye kifuniko. Maharagwe yakauke sana kabla ya kutiwa guniani, yasije yakaota ukungu. Na ninyi wenye mashamba, msiuze mahindi yote mabichi kwa kuona shilingi za Agosti, msije mkanunua unga mwezi wa Mei.

Neno la mwisho. Tukinunua pamoja tutakuwa na nguvu, lakini nguvu hiyo tusimwonee nayo mama auzaye mboga. Amelima, amebeba, amenyeshewa. Ni mfanyakazi kama sisi. Sisi tunaodai malipo ya haki, tutampunjaje mwenzetu? Tunachokimbia ni deni, si bei yake ya haki.

Kwa hiyo twaomba kila safu ya landi ichague watu wawili, bwana mmoja na mama mmoja, wapokee mchango siku ya mshahara, waende sokoni, na kusoma hesabu mbele ya wote. Anayekubali na ainue mkono.