Gari Linalofuata Nyuma

Mwaka mmoja wazee wawili, mtu na mkewe, walitualika kusafiri nao katika milima ya Colorado, nchini Marekani. Wastaafu wengi wa huko husafiri kwa gari-nyumba, yaani basi lenye vitanda na jiko ndani yake, na nyuma yake hufunga gari dogo la kuendea sokoni wakishatua kambini. Gari hilo halipandishwi juu ya tela. Magurudumu yake yote manne hukanyaga lami, nalo hufuata kama ndama.

Kwa macho ni jambo jepesi, lakini si kila gari laweza kuvutwa hivyo. Katika magari mengi ya otomatiki, pampu inayosukuma mafuta ndani ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, pampu nayo hulala. Magurudumu yakizidi kuzunguka, vyuma vya ndani husagana bila mafuta, navyo huungua. Mwenyeji wetu alikuwa na Honda CR-V ya 2012. Kitabu chake kiliagiza mkono wa gia upitishwe katika nafasi zote, uishie niutro, na injini iachwe ingurume dakika 3 kabla ya kuzimwa. Tena ufunguo ubaki mahali ambapo usukani haujifungi. Mzee aliyatimiza yote kwa uchaji, nasi tuliosoma falsafa miaka mingi tulisimama kando tukishika mikoba.

Jambo moja alilisahau: breki ya kuegeshea. Ilikuwa imekanyagwa kidogo tu, hata magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa shida. Gari-nyumba ni zito na lina nguvu. Dereva hakuhisi lolote mikononi mwake. Tulikwenda tukizungumza na kuyasifu mandhari, mpaka dereva wa lori alipotupita akipiga honi na kuonyesha nyuma kwa kidole.

Tuliposhuka tulikuta moshi, na breki za nyuma zimeungua. Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema taratibu, “Harufu hii niliisikia tangu mlimani. Nilidhani ni ya gari la watu wengine.”

Mzee hakumjibu. Ila tangu siku ile, kila tuliposimama alilizunguka gari dogo, akisogeza kiganja karibu na kila gurudumu apime joto, na mkewe akimfuata nyuma akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne.